Kwa nini fundi anasema "tufomati"? Historia ya kompyuta zetu Bujumbura



Wiki hii tuongee juu ya neno moja: kufomati. Ukipeleka mashini kwa fundi hapa Bujumbura, iwe Buyenzi, iwe Bwiza, iwe katikati ya mji, ukamwambia "intaneti haifunguki", au "Facebook inakataa", au "fomu ya skolashipu inazunguka tu", mara nyingi jibu ni lile lile: tufomati. Anafuta kila kitu, anaweka Windows upya, unalipa, unarudi nyumbani. Saa ingine tatizo limeisha. Saa ingine linakurudia jioni hiyo hiyo. Lakini mafaili yako ndiyo hayarudi.

Kwa mtu mwingine ni picha za harusi zimepotea, inauma, basi. Kwetu ni kitu kingine. Kuna watu wengi kati yetu waliovuka Rusizi na simu mkononi na nguo mgongoni. Diploma ilibaki Uvira, au Fizi, au Bukavu, na shule iliyoitoa haijulikani kama bado iko wazi. Kilichobaki ni skani moja, iko ndani ya mashini ya kaka au ya jirani, kwenye folda inaitwa "Nouveau dossier". Skani hiyo ndiyo unayotuma ukiomba DAFI (ule ufadhili wa vyuo wa wakimbizi ulioanza 1992). Fundi akifomati bila kuuliza, miaka sita ya sekondari imeenda.

Watu wanasema mafundi ni wavivu. Mimi sikubali. Nimejaribu kufuata hii tabia imetoka wapi, na ninavyoona, kufomati kulikuwa dawa sahihi kabisa kwa ugonjwa wa wakati fulani. Ugonjwa umebadilika, dawa imebaki.

Turudi nyuma. Jina la nchi kwenye intaneti, ile .bi unayoiona mwisho wa anwani za tovuti za Burundi, lilisajiliwa 1996. Mnakumbuka mwaka huo, au wazazi wenu wanakumbuka: Julai kulikuwa na mapinduzi, na nchi jirani zikafunga mipaka kwa vikwazo vilivyodumu mpaka Januari 1999. Kwa hiyo intaneti ya Burundi ilianza katika nchi ambayo hata petroli kuingia ilikuwa vita.

Vikwazo vilipoisha, njia ya kutoka nje ilibaki moja tu, angani. Afrika Mashariki yote wakati huo haikuwa na waya wa chini ya bahari. Ukifungua ukurasa, ombi lako linapanda mpaka setilaiti iliyoko karibu kilomita 36,000 juu yetu, linashuka Ulaya au Marekani, jibu linapanda tena, linashuka Bujumbura. Safari nne. Ni kama kilomita 144,000, na hata mwanga wenyewe unachukua karibu nusu sekunde kwa umbali huo. Hiyo ni kwa ombi moja, na ukurasa mmoja una maombi mengi. Aliyekaa kwenye saiba miaka ile anajua: unafungua Yahoo, unatoka nje kununua karanga, unarudi, picha ya juu ndiyo inaanza kuonekana.

Sasa weka hapo Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001. Mashini nyingi zilikuja na XP ya CD ya kunakili, bila leseni. Mwaka 2004 Microsoft walitoa rekebisho kubwa la usalama, Service Pack 2, faili kamili karibu mega 266. Tupige hesabu. Saiba yenye laini ya kilobiti 128 kwa sekunde, ikiacha wateja wote wasubiri na kushusha faili hilo peke yake, inahitaji saa nne na nusu kwa mashini moja, umeme usipokatika. Nani angefanya hivyo? Hakuna. Fundi alifanya kitu cha akili: alizima apdeti. Alifungua mipangilio, akaweka "usishushe kitu chochote", akaendelea na kazi. Shikeni hapo, kule mbele tutairudia.

Mashini bila apdeti ni kama nyumba bila mlango. Mwizi alikuja kwa njia ya flashi, au kle kama wengine tunavyoita. XP ukichomeka flashi inaendesha yenyewe programu iliyomo, na virusi wakapenda sana hiyo tabia. Mnakumbuka folda zinageuka njia za mkato, faili zako zinafichwa, unadhani zimefutwa? Ndiyo hao. Mkubwa wao anaitwa Conficker, alionekana Novemba 2008. Microsoft walikuwa wametoa dawa ya tundu alilopitia tangu Oktoba ya mwaka huo, wiki chache kabla. Lakini dawa ilikuja kwa apdeti, na apdeti tumeshaizima. Conficker alikuwa mjanja: alizuia kivinjari kufungua tovuti ya Microsoft na za antivirusi, huku nyingine zote zinafunguka vizuri. Mteja anasema intaneti inafanya kazi, fundi anasema antivirusi haishuki, na wote wawili wanasema kweli. Windows XP ilikuja kuachishwa kuendesha flashi yenyewe Februari 2011, kwa apdeti tena.

Jiwekeni kwenye nafasi ya fundi wa Bujumbura mwaka 2009. Mteja amesimama mbele yako. Virusi amezuia dawa. Laini ya intaneti ni ndogo. Mkononi una CD moja ya XP. Kufomati kunachukua saa moja au mbili na kunafanya kazi. Saiba nyingi hata zilikuwa zinaweka programu kama Deep Freeze, ambayo ukizima na kuwasha mashini, kila kitu kinarudi kama asubuhi. Ni fikra ile ile: kuanza upya ni rahisi kuliko kutafuta kosa. Fundi kijana aliyejifunza kazi miaka hiyo alijifunza hivyo, na alimfundisha hivyo aliyekuja nyuma yake.

Halafu mambo yakabadilika haraka. Waya wa SEACOM ulifika pwani yetu ya Afrika Mashariki Julai 2009, TEAMS ukaingia Mombasa mwaka huo huo, EASSy 2010. Burundi haina bahari, ikabidi kusubiri waya wa nchi kavu kupitia majirani. Kufika 2014 Burundi Backbone System, iliyosaidiwa na Benki ya Dunia, ilikuwa inaunganisha makampuni ya simu na waya hizo. Mwaka 2015 Lumitel wakaingia, na vijana wengi wakaanza kuingia mtandaoni kwa simu badala ya saiba.

Na tovuti zenyewe zikabadilika. Zamani kufuli dogo kwenye kona ya anwani lilikuwa la benki. Mwisho wa 2015 Let's Encrypt wakaanza kutoa vyeti vya usalama bure, na Julai 2018 Chrome ikaanza kuandika "si salama" kwenye kila tovuti isiyo na cheti. Ndani ya miaka mitatu hivi karibu kila ukurasa ukawa na cheti. Hapo ndipo ugonjwa ulipohama. Tatizo kubwa la kivinjari sasa likawa makaratasi.

Niwaeleze cheti ni nini kwa lugha tunayoijua. Una kadi yako ya mkimbizi. Ina tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na muhuri wa ofisi. Anayeikagua anaangalia vitu viwili: leo ni tarehe ngapi, na muhuri huu ninaujua? Kadi yako inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini kama kalenda ya mkaguzi inasema tuko 2009, kadi ya mwaka huu kwake ni kadi ya kesho, haikubaliki. Na kama orodha yake ya ofisi ni ya zamani, muhuri mpya hautambui. Kivinjari ni mkaguzi huyo. Ukiona "Votre connexion n'est pas privée", mara nyingi mkaguzi ana shida moja kati ya hizo mbili, na hakuna virusi hata mmoja.

Shida ya kwanza, kalenda. Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye ubao mkuu, kuna betri bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kulinda saa na tarehe mashini ikiwa haina umeme. Mashini ikichomekwa, betri inapumzika. Ikikosa umeme, betri inafanya kazi. Sasa hapa kwetu umeme unakatika, na wengi tunachomoa kila usiku kwa kuogopa umeme ukirudi na nguvu ukaunguza. Juu ya hayo, mashini zenyewe zinakuja hapa zikiwa zimeshatumika miaka mingi Ulaya au Dubai, na betri ni ile ile ya kiwandani. Inakufa. Unawasha asubuhi, tarehe imerudi miaka kumi na zaidi nyuma, na kila tovuti yenye kufuli inakataa. Ukiona tovuti karibu zote zinakataa kwa mpigo, angalia tarehe pale kona ya chini kulia kabla ya kumwita mtu. Angalia na mwaka, maana saa inaweza kuonekana sawa na mwaka ukawa 2010. Rekebisha tarehe, funga kivinjari, fungua tena. Ikirudi kesho, nunua betri. Ni ile ile inayotumika kwenye mizani na funguo za gari.

Ona sasa kufomati kunafanya nini hapo. Fundi anafuta, anaweka Windows upya, na wakati wa kuweka Windows inamuuliza tarehe, anaijaza. Tovuti zinafunguka! Mteja anafurahi, analipa. Kesho umeme unakatika, tarehe inarudi nyuma, tumerudi pale pale, na diploma imeshaenda. Kilichoponya kwa siku moja ni tarehe.

Shida ya pili ni orodha ya mihuri, na ina siku yake kwenye historia: tarehe 30 Septemba 2021. Siku hiyo muhuri mkuu wa zamani ambao Let's Encrypt waliuegemea uliisha muda. Walishakuwa na muhuri mpya, lakini unaufahamu tu kama mashini yako imepata orodha mpya. Dunia nzima mashini za zamani zikaanza kukataa tovuti ambazo jana zilifunguka, tena sio zote, zingine tu, ndiyo maana ilichanganya watu. Windows huchukua orodha mpya yenyewe. Labda kama kuna mtu aliizima. Na nani aliizima? Fundi wetu wa miaka ya setilaiti, kwa sababu nzuri, kuokoa saa nne na nusu za laini. Na wanafunzi wake waliendelea kuzima kwenye Windows 7, kuokoa mega za simu. Uamuzi wa siku zile ukaja kutudai 2021.

Hapa kufomati hakusaidii hata kwa siku moja. Ukiweka upya Windows kutoka CD ile ile ya zamani, unapata orodha ile ile ya zamani, na pengine fundi anazima apdeti tena kabla hajakurudishia. Kilichosaidia wengi ni kuweka Firefox, maana Firefox inatembea na orodha yake yenyewe ya mihuri, haiulizi Windows. Siku zile, kama Chrome ilikataa na Firefox ikafungua kwenye mashini moja, ulishajua ugonjwa uko wapi.

Kuna tatizo lingine ambalo halikutoka ndani ya mashini. Mwisho wa Aprili 2015, maandamano yalipoanza, WhatsApp, Facebook, Twitter na Viber zilifungwa kwenye simu hapa Burundi. Siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020, mitandao ya kijamii ilizuiwa tena. Nyakati zote mbili watu waliweka programu za VPN za bure, moja, mbili, tatu, kila anayosikia. Sitaki kuingia kwenye siasa, naongea mambo ya fundi. VPN inaifanya tovuti ione kwamba uko nchi nyingine. Wengi hawakuzitoa, au waliziacha kama viendelezi ndani ya Chrome na kuzisahau. Miaka imepita, unajaza fomu ya chuo, inakuuliza mara kumi kama wewe ni roboti, au inasema huduma haipo katika nchi yako, au barua pepe inakwambia kuna mtu ameingia kutoka Uholanzi. Mtu wa Uholanzi ni wewe. Angalia viendelezi, zima usivyovijua, jaribu tena. Na kama kila mtu mtaani haipati WhatsApp siku moja, jueni hakuna cha kufomati kwenye simu ya mtu.

Kwa fomu inayozunguka tu bila kwisha, kuna jaribio la nusu dakika ambalo nashangaa mafundi hawalitumii. Bonyeza Ctrl, Shift na N kwenye Chrome, au Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Linafunguka dirisha la faragha, yaani kivinjari kinachojifanya hakikujui. Fomu ikifunguka hapo, shida ni kumbukumbu za zamani ambazo tovuti iliacha kwako, vile vipande wanaviita kuki, vilivyobuniwa 1994 pale Netscape ili tovuti ikukumbuke. Vifute vya tovuti hiyo moja tu. Ukifuta vyote utatoka kwenye akaunti zako zote, na kuna mtu hapa hajui nywila yake ya Gmail tangu 2019, anaingia kwa bahati tu.

Nikisema nywila, kibodi. Hii ni historia ya ukoloni iko chini ya vidole. Wabelgiji walitawala hapa mpaka 1962 na walituachia AZERTY pamoja na Kifaransa. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, na mashini za Nairobi, Dar na Dubai zinakuja na QWERTY. Matokeo yake una mashini ya AZERTY iliyowekewa Windows ya QWERTY na fundi mwenye haraka. Unaandika A inatoka Q, unaandika Z inatoka W, na kwenye nywila huoni kitu, unaona nukta tu. "Nywila yangu imebadilishwa, nimeibiwa akaunti!" Hapana dada, hujaibiwa. Andika nywila kwanza mahali ambapo herufi zinaonekana, au angalia pale chini kulia kama imeandikwa FRA au ENG, na bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi ili kubadilisha. Hata alama ya @ inahama: kwenye AZERTY ya Ufaransa iko na 0, kwenye ya Ubelgiji iko na 2.

Je, kuna wakati wa kufomati? Ndiyo, upo. Diski imejaa virusi kweli, Windows haiwaki kabisa, mashini umeinunua kwa mtu usiyemjua. Hata hapo mafaili yanaweza kuokolewa kwanza. Fundi mwenye flashi ya Ubuntu anaweza kuwasha mashini kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows, akafungua diski, akanakili folda zako, ndipo afute. Mwulize: "Una Ubuntu?" Zamani Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure kwa posta popote duniani, waliacha 2011. Sasa unaishusha mwenyewe. Na mwambie wazi aokoe nini: Documents, Desktop, Downloads. Hiyo ya tatu wengi wanaisahau, na skani nyingi ndiko zinakaa, kwa sababu zilitoka kwenye barua pepe.

Kwa ndugu wa mashirika sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha huduma ya kawaida ya Windows 10. Maofisi ya Ulaya yanabadilisha mashini, na za zamani zitatafuta pa kwenda. Nyingi zitakuja huku, kwa nia nzuri, kwenye vituo vya vijana na kambini, na kwa wenzetu waliofika 2025 ambao bado hawana hata meza. Hazitakufa kesho. Windows 7 iliachwa Januari 2020, Chrome ikaendelea kuihudumia mpaka toleo la 109 mwanzo wa 2023, na Firefox 115 ndiyo ya mwisho kwake. Kwa hiyo tunajua njia itakavyokuwa: kwanza apdeti za Windows zinasimama, baadaye kivinjari, baadaye tovuti moja moja zinaanza kukataa.

Mkituletea, tunaomba vitu vitatu vidogo. Wekeni betri mpya ya CR2032 kila mashini kabla haijapakiwa. Msizime apdeti, na kama mega ni shida, ziacheni zishuke mara moja kwa mwezi kwenye ofisi yenye laini. Na bandikeni karatasi juu ya kila mashini kusema kibodi ni ya nchi gani. Kama ni ya Ubelgiji tuambieni mapema, tutatafuta nywila isiyo na A, Q, Z, W wala M.